Taa ya kuita, taa ya kufukuza

Nyoka alikuwa ameshakufa kabla wavu haujafika mchangani.

Ilikuwa Katonga, Kigoma, asubuhi, jua bado halijakolea. Mzee mmoja wa mwaloni pale alikuwa akinasua samaki kwenye nyavu zake za kutega, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Alitoa kuhe, akatoa migebuka kadhaa, kisha vidole vyake vikakutana na kitu kirefu, kizito, rangi ya udongo, chenye pete nyeusi shingoni. Vijana waliokuwa wakimsaidia waliruka nyuma kwa makelele. Yeye hakuruka. Alikata nyuzi mbili kwa wembe, akamtoa yule nyoka, akamlaza pembeni, akarudi kwa samaki wake.

"Shikamoo mzee. Amekufaje huyu?"

"Marahaba. Amekufa maji."

Nyoka wa ziwani, amekufa maji! Vijana waliangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Tukaagana, nikapanda bodaboda kurudi Mwanga.

Tangu siku hiyo lile jibu limekataa kunitoka.

## Mwenye mapafu

Mzee alikuwa sahihi, bila shaka. Fira wa majini wa Ziwa Tanganyika anakula samaki, anawinda kwenye mawe ya ukingoni, ana sumu kali, lakini hana matamvua. Anavuta hewa kama mimi na wewe. Akimfuata samaki aliyenaswa wavuni, au akipita tu njia yake na kukuta ukuta wa nyuzi, ana muda mfupi wa kujinasua. Muda ukiisha, ziwa lile lile lililomlisha linamuua.

Nilimsimulia kisa hiki binamu yangu aliyeolewa Kilwa, tukiwa kwenye simu tunazungumzia mambo mengine kabisa. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Huku ndivyo wanavyokufa kasa," akasema. "Kwenye jarife."

Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa chini kwa ajili ya papa na taa (taa samaki, wale wapana). Kasa anayetafuta majani ya baharini anaingia humo. Kasa aliyelala anaweza kukaa chini masaa kadhaa bila kupumua, lakini anayepigana na wavu anaimaliza pumzi yake upesi. Asubuhi mvuvi anapokuja kuvuta anakuta mzigo ambao sheria inamkataza kuwa nao, na wavu wake umechanika juu yake.

Nikaanza kusoma. Ndiyo hatari ya kuwa na intaneti na usingizi wa mang'amung'amu.

## Chuma cha mvuvi wa Georgia

Kisa kilichonishika zaidi kinatoka mbali sana na huku. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye pwani ya jimbo la Georgia, Marekani, mvuvi wa kambamiti aliyeitwa Sinkey Boone alichoshwa na yavuyavu, yale madubwana laini ya baharini. Yalikuwa yakijaa kwenye wavu wake wa kukokota mpaka unakuwa mzito kuvutika, na kambamiti wenyewe wanapondeka. Akatengeneza fremu ya nondo, akaifunga kwa mshazari ndani ya wavu. Kambamiti wanapita katikati ya nondo na kuingia mfukoni. Yavuyavu yanagonga chuma, yanateleza, yanatokea kwenye tundu.

Hakuwa akiwaza kasa. Alikuwa akiwaza mgongo wake na mafuta ya injini.

Lakini kinachomzuia yavuyavu mkubwa kinamzuia na kasa. Serikali ya Marekani ilikuwa ikihangaika na kasa waliokuwa wakikokotwa chini mpaka wakafa, na mwaka 1987 ikatoa kanuni ya kuwalazimisha wavuvi wa kambamiti kufunga vifaa vya namna hiyo. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi inchi 4. Kikifungwa ipasavyo, kasa 97 kati ya 100 wanaoingia wavuni wanatoka wazima.

Ungedhani wavuvi wangefurahi, maana kifaa kilizaliwa kwao.

Julai 1989 boti za kambamiti kwa mamia zilijipanga kwenye midomo ya bandari za Texas na kuzifunga, kupinga kanuni ile ile. Wenye boti walisema watapoteza kambamiti wao kupitia tundu, kwamba wanafilisiwa kwa ajili ya mnyama ambaye wengi wao hawamwoni mara kwa mara. Baadaye mwaka huo huo Marekani ikaamua kwamba nchi za nje nazo zisipolinda kasa, kambamiti wao hawataingia sokoni kwake. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaenda kushtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 1998 uamuzi ukatoka: kulinda kasa ni halali, lakini namna Marekani ilivyoitumia sheria yake ilibagua nchi na nchi.

Kesi hizo waachie wanasheria. Kwangu mimi kinachoshangaza ni kile chuma. Kilipokuwa cha Boone kilikuwa dawa ya kero yake. Kilipopigwa muhuri kikawa adhabu. Nondo ni zile zile.

Na hapo ndipo nilipoanza kutoamini baadhi ya mikutano niliyowahi kuhudhuria mwaloni, ile ambayo mtaalamu anakuja na bango, anaeleza faida za kutunza ziwa, wavuvi wanaitikia vizuri, soda zinanyweka, na usiku kila mtu anashusha wavu wake ule ule. Watu wamekubaliana naye kwa dhati kabisa. Wavu haukuwepo kwenye mkutano.

## Mayai hayakutosha

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwenye habari za kasa, na hiki kilinichukua muda kukimeza.

Kwa miaka mingi walinzi wa kasa walikuwa watu wa ufukweni. Walilinda viota. Ni kazi nzuri, na inaonekana: kasa mmoja anataga mayai 100 na zaidi kwenye shimo moja, na baada ya miezi miwili hivi vitoto vinatoka mchangani vyote kwa pamoja, watalii wanapiga picha. Hapa kwetu pia, kule Mafia, wanakijiji na shirika la Sea Sense wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Simbezi mtu.

Mwaka 1987, mwaka ule ule wa kanuni, watafiti watatu Wamarekani, Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell, walikaa wakapiga hesabu za kasa wale wenye kichwa kikubwa. Walimgawa kasa kwa umri: yai, kitoto, kijana, mkubwa. Kisha wakauliza, tukiokoa wa umri upi, ukoo utasimama? Jibu likawauma walinzi wa viota. Hata kama kila yai lingeanguliwa salama, kasa wangeendelea kupungua. Waliohitaji kuokolewa ni wale vijana wakubwa, ambao wameshaponea kila kitu, wamebakiza miaka michache waanze kutaga, na ndio hao wanaokufa kwenye nyavu. Kasa anaweza kuchukua miaka 20, 30, hata zaidi kabla hajazaa. Ukimuua akiwa njiani umepoteza miaka yote hiyo, na hakuna yai linaloifidia haraka.

Nikawaza ziwa letu. Dagaa anaishi mwaka mmoja hivi, anakua upesi, anazaa upesi. Mgebuka anahitaji miaka. Kuhe ni habari nyingine kabisa: baba na mama wanakaa kulinda watoto wao maelfu, hawatoki. Wavu unaowachukua wazazi hao wawili unawaacha watoto wote mdomoni mwa samaki wengine. Kwenye ndoo utahesabu samaki wawili.

Kwa hiyo swali la "tumevua kiasi gani" halitoshi hata kidogo. Umevua nani, na akiwa na umri gani?

## Taa

Hapa naomba univumilie, maana ndipo kichwa cha makala kilipotoka.

Ukisimama usiku wa giza pale juu Bangwe ukatazama ziwani, utaona mji mwingine juu ya maji. Ni taa za vipe, vyombo vyetu vya kuvulia dagaa usiku. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Taa inawavuta wadudu wadogo wa majini, dagaa wanawafuata, migebuka wanawafuata dagaa, na wavu unasubiri chini. Mbalamwezi ikikomaa vipe vinapumzika, kwa kuwa hakuna anayeweza kushindana na mwezi kwa mwanga. Kigoma yetu imejengwa na taa hizo. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo.

Sasa soma hii. Kwenye ghuba ya Sechura, kaskazini mwa Peru, watafiti walifunga vitaa vidogo vya kijani kwenye nyavu za kutega za wavuvi wadogo, wavu mmoja wenye taa na mwingine usio nazo, ubavu kwa ubavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba nyavu zenye taa zilinasa kasa pungufu kwa karibu asilimia 64. Samaki waliokusudiwa hawakupungua. Inaelekea kasa anauona wavu uliomulikwa, anaupisha.

Nilisoma mara mbili. Taa, ambayo kwetu kazi yake ni kusema njoo, kule inasema pita mbali.

Nikataka papo hapo kumpigia mzee wa Katonga. Nilishaiona picha nzima kichwani: vitaa vya kijani kwenye nyavu zake, fira anaona ukuta, anazunguka, anaenda zake. Bahati nzuri salio lilikuwa limeisha. Maana kesho yake, baada ya kulala, swali likaja lenyewe: ukiweka taa kwenye wavu ndani ya ziwa hili, ambalo kila kiumbe kinafuata taa, utamwita nani? Labda utamwita dagaa, na mgebuka nyuma yake, na fira nyuma ya mgebuka.

Dawa ya Sechura ni ya Sechura.

## Huku hakitupwi kitu

Shangazi yangu ananunua dagaa Kibirizi, anaanika, anauza kwa sado na kwa magunia. Nilipomweleza habari za samaki wanaonaswa bila kukusudiwa kisha wakatupwa baharini, alinitazama kwa huruma, kama vile nimemwambia kuna watu wanakojoa kwenye sufuria.

"Wanatupa samaki? Wana nini hao?"

Ndiyo, wanatupa. Meli ya kukokota inayotafuta kambamiti inapandisha kila kitu, inachagua kambamiti, mengine yanarudi majini yakiwa yamekufa. Mwenye meli ana barafu kidogo na nafasi kidogo, na samaki wa bei ndogo anamlia nafasi ya kambamiti.

Kwetu hakuna mzigo wa kurudisha. Kila kinachopanda na wavu kina mlaji. Mgebuka mchanga aliyekuja na dagaa anaanikwa na dagaa. Samaki wadogo wa ukingoni waliozolewa na kokoro, wavu wa kukokotwa mpaka ufukweni, wanapikwa na mawese jioni hiyo hiyo, na watoto wanalala wameshiba. Hata chandarua kilichotolewa bure kwa ajili ya mbu kinakutwa ziwani, na ukiuliza utaambiwa mbu hawapikwi.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Habari za kasa zote zimejengwa juu ya mvuvi asiyemtaka kasa. Boone hakutaka yavuyavu. Mvuvi wa Sechura anachaniwa wavu. Nahodha wa Hawaii anayevua kwa mshipi mrefu hamtaki kasa kwenye ndoano yake, na ndiyo maana ilipowezekana mwaka 2004 kubadilisha ndoano zikawa za duara, na chambo kikawa samaki badala ya ngisi, kasa walionaswa walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 na uvuvi ukaendelea.

Hapa Kigoma, anayenaswa bila kukusudiwa anakaribishwa. Hakuna asiyetakiwa ila yule nyoka, na naye alichekwa.

Kwa hiyo usimwombe mtu akiachie kilichokwisha kufika mkononi mwake. Nimewahi kuona ikijaribiwa, na mimi mwenyewe nisingeachia. Chochote kitakachofanyika kifanyike kabla ya kushika: ni wavu gani, unashushwa wapi, mwezi gani.

## Kimo kimoja

Nikarudi kwenye ile fremu ya nondo nikijaribu kuiingiza kwa nguvu kwenye kipe. Haingii, na sababu yake ni rahisi mpaka inaudhi.

Kasa ni mkubwa na kambamiti ni mdogo. Chuma kinafanya kazi kwa sababu ya tofauti hiyo tu. Mgebuka mchanga na dagaa aliyekomaa wana kimo kimoja. Jicho la wavu linalompitisha huyu linampitisha na yule. Hakuna nondo itakayowatenganisha, wala hakuna taa itakayomwita mmoja na kumfukuza mwenzake, kwa kuwa mmoja ndiye chakula cha mwingine na wanatembea pamoja.

Kilichobaki ni mahali na wakati.

Mahali, tayari kuna watu wanajaribu. Vijiji vya Uvinza vilivyo kando ya hifadhi ya Mahale, kupitia mradi wa mazingira wa Tuungane na vikundi vyao vya kusimamia mialo (BMU), vimetenga maeneo ya mazalia ambayo hayavuliwi. Hilo linamsaidia kuhe na samaki wa mawe, na nadhani hata fira. Halimsaidii mgebuka mchanga aliye katikati ya ziwa.

Anabaki na wakati.

## Tarehe 15 Mei

Nilikuwa mmoja wa waliolalamika. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka. Huhitaji nikukumbushe Kigoma ilivyokuwa miezi ile. Vijana wa vipe walikwenda kufyatua matofali, wengine wakarudi Kasulu kwa wazazi. Mama lishe wa mwaloni alifunga. Usiku ziwa likabaki bila taa hata moja, na watu wazima waliniambia hawajawahi kuliona hivyo zaidi ya siku chache za mbalamwezi.

Nilikuwa nikisema wakati ule: kwa nini ziwa zima? Kwa nini wasikamate makokoro tu, waache wengine?

Sasa naielewa hoja ambayo hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa nikiwa sisikilizi. Kama huwezi kumchagua samaki kwa wavu, unamchagua kwa kalenda. Miezi mitatu taa zikizimwa, mgebuka mchanga anapata miezi mitatu ya kukua bila kuitwa. Kwa kukosa nondo, kufunga ziwa ndiyo nondo yetu.

Kuielewa hoja hakujanipa raha. Nina mashaka mawili ambayo nayaacha hapa wazi.

La kwanza, kupungua kwa samaki hakukuanzia kwenye vipe peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto, na tabaka la juu likipata joto halichanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, hivyo chakula cha dagaa kinapungua. Mvuvi aliyezima taa yake miezi mitatu hakulipasha ziwa moto. Bado yeye ndiye anayetakiwa kukaa nyumbani.

La pili ni fedha. Yule mwenye boti wa Texas alifunga bandari kwa sababu aliona gharama ni yake na sifa ni ya wengine. Hapa tajiri wa kipe ana nyumba za kupangisha Mwanga. Anaweza kungoja Agosti. Baharia wake anagawana kinachobaki baada ya mafuta kukatwa, na kinachobaki kwenye sifuri ni sifuri. Ziwa likifunguliwa, huyo baharia anaingia majini akiwa na madeni ya miezi mitatu. Atavua vipi? Kwa kufidia. Nondo ya kalenda ina tundu lake, nalo linafunguka tarehe 16 Agosti.

## Magunia ya shangazi

Niliandika mpaka hapo nikaacha, nikidhani nimefika ukutani. Kilichonitoa hapo ni kumsaidia shangazi kuanika.

Alikuwa ameinama juu ya chanja akitoa migebuka wachanga kwenye dagaa, mmoja mmoja, akiwatupia kwenye beseni. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua, si wote wanaliwa?

"Huyu ana nyama," akasema. "Dagaa anakauka leo, huyu hajakauka. Nikiwafungia pamoja, gunia linavunda njiani kabla halijafika Dar. Mteja akikuta gunia moja lina harufu, anashusha bei ya yote."

Nikaacha kuanika, nikamtazama. Miezi yote hiyo nilikuwa nikimtafuta Boone wa Kigoma miongoni mwa wavuvi, na kumbe mvuvi hana kero. Mvuvi anauza kwa ndoo, na mgebuka mchanga anajaza ndoo. Kero inaanzia mchangani, kwenye migongo ya akina mama, baada ya fedha kulipwa.

Nikamuuliza kama kuna siku dagaa wanakuja safi, bila wachanga. Zipo, akasema, na hazitokei ovyo. Kuna vipe ambavyo mara nyingi vinaleta safi na vingine kila mara vinaleta mchanganyiko, na akina mama wanavijua kwa majina. Wanajua mpaka tajiri yupi anawaruhusu vijana wake kushusha wavu karibu na ukingo wakichelewa kutoka. Hakuna aliyewahi kuwauliza, na wao hawakuona kwa nini waseme.

Sijui kama elimu hiyo inatosha kuwa kanuni, na ningependa isiwe kanuni mapema mno; nimeshaona chuma kizuri kikigeuzwa adhabu. Nilichofanya ni kumuuliza shangazi kama angelipa zaidi kidogo kwa ndoo iliyo safi. Alipiga hesabu kwa vidole, siku mbili za kuchambua, gunia lililorudishwa mwezi uliopita. Akasema angelipa.

Ameanza. Siku hizi kabla hajatoa hela anamuuliza tajiri: jana wavu mmeshusha wapi? Wawili wanamjibu. Wa tatu amemwambia kama anataka samaki wenye historia akanunue kuku.